Sala ya mstarini, Ijumaa na mapepo ya bweni: mkuu wa shule auliza

Ndugu washauri,

Salamu kutoka Dodoma. Ninaongoza sekondari ya kata nje kidogo ya jiji, ya kutwa, yenye bweni dogo la wasichana wa Kidato cha Nne. Zamani karibu watoto wote walikuwa wa hapahapa, Wagogo, wengi wao Waanglikana, na sala ya asubuhi haikuwa na mjadala. Tangu Serikali ihamie huku viwanja vimepimwa, watu wamejenga, na sasa nina watoto wenye asili ya Kondoa, Tanga, Kigoma na Mara. Waislamu wamezidi theluthi. Wasabato wapo kama ishirini.

Mambo yaliyonifikisha kwenu ni haya. Kila asubuhi mstarini, baada ya Wimbo wa Taifa, kiranja ambaye pia ni kiongozi wa UKWATA, umoja wa wanafunzi wa Kikristo, anaomba na kufunga kwa jina la Yesu. Mwezi uliopita mzazi alikuja ofisini akiwa amefura: mwanawe wa Kidato cha Kwanza alipigishwa magoti kwa kutofumba macho. Mwalimu wa zamu anasema ni suala la nidhamu tu. Nilipopendekeza dini zipokezane siku, walimu wakagawanyika. Mmoja anasema Marekani walipiga marufuku sala shuleni na ndiyo maana watoto wao wameharibika. Mwingine anasema nchi yetu haina dini, kwa hiyo sala zote zifutwe, pamoja na vikundi.

Pili ni Ijumaa. Wavulana wanatoka saa 6 mchana kwenda msikitini. Wanarudi saa 9, wengine hawarudi kabisa, na najua si wote wanaofika huko.

Tatu, muhula uliopita wasichana tisa walianguka bwenini usiku mmoja. Matroni akamwita mchungaji jirani, maombezi yakaenda hadi usiku wa manane. Wawili kati ya tisa ni Waislamu. Wazazi wao wamepeleka malalamiko kwa Afisa Elimu Kata.

Bodi inakaa wiki mbili zijazo. Nataka kwenda na kitu kinachotekelezeka.

Mkuu wa shule, Dodoma

*

Pole na kazi, Mwalimu.

Mtoto aliyepigishwa magoti asisubiri bodi. Mwite mzazi wiki hii, mwombe radhi mbele ya mwanawe, na uandike kwenye kumbukumbu za ofisi kwamba adhabu ile haikuwa halali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto kwa dini yake. Mwalimu wako wa zamu ataona ameonewa, maana machoni pake aliadhibu utundu. Mweleze hivi: kunyamaza wakati wengine wanaomba ni adabu, na unaweza kuidai kwa kila mtoto. Kufumba macho, kuinamisha kichwa na kuitikia amina ni ibada, na hiyo huwezi kuidai kwa yeyote. Mpaka uko hapo, na ukishauona, mengi uliyouliza yanapata jibu.

Walimu wako wawili kila mmoja ameshika nusu ya jambo. Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani na kufanya kazi ya ibada iwe hiari ya mtu binafsi. Ukizisoma pamoja, shule ya Serikali haiongozi ibada ya dini fulani, wala haimzuii mwanafunzi kuomba. Anayetaka vikundi vifutwe anaisahau ya 19. Anayetaka kiranja aendelee anaisahau ya 3, kwa sababu kiranja aliye mstarini, kwenye ratiba ya shule, chini ya mwalimu wa zamu, anasema kwa sauti ya shule.

Habari ya Marekani inasimuliwa vibaya huku kwetu. Mwaka 1962, katika kesi ya Engel dhidi ya Vitale, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa sala fupi ya maneno 22 iliyotungwa na mamlaka ya elimu ya jimbo la New York isomwe madarasani. Mwaka uliofuata ikakataa usomaji wa Biblia ulioongozwa na shule. Mwanafunzi kuomba mwenyewe hakukukatazwa, na mwaka 2022 mahakama hiyohiyo ilimpa ushindi kocha wa mpira aliyekuwa akipiga goti kuomba uwanjani baada ya mechi. Uingereza nao wana sheria tangu 1944 inayotaka ibada ya pamoja kila siku shuleni, ila mzazi ana haki ya kumtoa mwanawe. Kwa hiyo mfano wa nje upo wa kila upande, na bodi yako ikianza kuvutana kuhusu Marekani, kikao kitakwisha bila azimio.

Sasa mstarini. Kupokezana kunaonekana kuwa haki, lakini kwa watoto hakufanyi kazi. Wiki ina siku tano za shule. Ukishawapa Wakristo na Waislamu, Wapentekoste watauliza kwa nini sala ya Kikristo daima inaombwa na wa madhehebu mengine, Wasabato watauliza, na yule mtoto ambaye kwao wanafuata mila za wazee hana siku kabisa. Tena siku atakaposimama kijana wa Kiislamu akasoma Al-Fatiha, na mtoto wa mzee wa kanisa akarudi nyumbani kusema ameitikia amina, utampokea mzazi wa pili ofisini. Kupokezana kunahakikisha kwamba kila siku kuna kundi linalosimama ndani ya ibada isiyo yake; kinachobadilika ni kundi gani tu.

Tunachokushauri ni hiki. Wimbo wa Taifa wenyewe ni dua, na wengi wa dini zote wanaukubali kwa sababu hautaji mjumbe wala nabii wa dini yoyote. Baada yake weka dakika moja ya kimya. Kiranja aseme sentensi moja tu, ileile kila siku: "Tunyamaze dakika moja, anayetaka aombe moyoni." Mwalimu wa zamu apime kwa saa yake sekunde 60 kamili. Usidharau kipimo hicho. Pasipo kupima, kimya hukatwa baada ya sekunde kumi na watu wa dini wakaona wamefanyiwa dhihaka, au kiranja huanza kuomba kwa sauti ndani yake na mkarudi mlikotoka. Pasiwe na amri ya mkao: si "fumbeni macho", si "inueni mikono". Kosa ni kelele peke yake.

Bodi ikishikilia kwamba lazima pawe na dua ya sauti, angalia Bunge lililo hapohapo Dodoma. Kikao kinafunguliwa kwa dua iliyoandikwa, anayeombwa ni Mwenyezi Mungu, na Mkristo na Mwislamu wanasimama pamoja. Mnaweza kuandika ya kwenu, isizidi maneno 60, ikapitishwa na bodi, ikasomwa kwenye karatasi bila nyongeza. Sisi tunaipa nafasi ya pili. Mbunge ni mtu mzima anayeweza kuingia ukumbini dua ikishaisha. Mtoto wa miaka 13 aliye mbele ya mwalimu mwenye fimbo hana uwezo huo. Na anayesoma karatasi leo, kesho ataongeza neno lake, kwa nia njema kabisa.

Ijumaa ni suala la ratiba kuliko la imani, na hesabu yake inawezekana. Kwanza tofautisha sala mbili. Adhuhuri ya kawaida ina muda mpana. Hapa Dodoma inaingia jua likipita utosi, kati ya saa 6:21 mchana mwanzoni mwa Novemba na saa 6:51 katikati ya Februari, na haitoki mpaka Alasiri iingie, baada ya saa 9. (Angalizo kwa mwalimu wenu wa Kiislamu: kalenda ya sala iliyochapwa kwa saa za Dar es Salaam iko mbele ya Dodoma kwa dakika 14 hivi, kwa kuwa sisi tuko magharibi zaidi. Anayeifuata bila kurekebisha anaweza kusali kabla ya wakati.) Kwa hiyo Jumatatu hadi Alhamisi hakuna sababu ya mwanafunzi kutoka kipindini. Weka mapumziko ya chakula saa 6:50 hadi 7:30 na Adhuhuri inasaliwa humo miezi yote 12.

Sala ya Ijumaa haisubiri, kwa sababu ina hotuba na imamu, na kwa Waislamu ni faradhi kwa mwanamume aliyebalehe. Mnaloweza kusogeza ni vipindi. Siku za kawaida, mkianza saa 1:40 kwa vipindi vya dakika 40, vinne vinaisha saa 4:20, mapumziko nusu saa, vitatu vinaisha saa 6:50, chakula, viwili vya mwisho vinaisha saa 8:50. Ijumaa punguzeni kila kipindi kiwe dakika 35 na mapumziko ya asubuhi yawe dakika 20. Vinne vinaisha saa 4:00, vinne vingine vinaanza 4:20 na kuisha saa 6:40. Vipindi nane vimekwisha kabla mtu hajatoka getini. Kuanzia 6:40 hadi 8:00 Waislamu wanakwenda msikitini, Wakristo wanakula na kufanya kipindi chao cha dini. Saa 8:00 wote mnarudi kwa kipindi cha tisa, ambacho siku hiyo kiwe michezo au klabu. Hakuna aliyepoteza somo, na hakuna mwalimu wa Hisabati anayefundisha darasa nusu.

Wasiorudi wanadhibitiwa kwa mahudhurio ya saa 8:00. Kuwahesabu msikitini si kazi ya shule. Anayetoka awe na barua ya mzazi, moja kwa mwaka, na aende kwa msafara pamoja na mwalimu au kiranja aliyeteuliwa. Msikiti ukiwa zaidi ya mwendo wa dakika 15, zungumza na uongozi wake kuhusu saa ya kuanza hotuba. Maimamu wengi wakielezwa kuna wanafunzi wanaosubiriwa darasani hawarefushi. Asiyerudi saa 8:00 mara mbili bila sababu, mzazi anaitwa kwa utoro, kama mtoro mwingine yeyote. Msichanganye hapo utoro na dini, na msimnyime ruhusa Ijumaa ijayo kama adhabu. Mpeni adhabu ya utoro.

Wasichana wa Kiislamu husahaulika katika mipango hii. Ijumaa si faradhi kwao, lakini Adhuhuri ni faradhi, kwa hiyo wanahitaji chumba shuleni. Darasa la mita 7 kwa 9, madawati yakisogezwa nje, linachukua watu 65 hadi 70 kwa safu, ukimpa kila mmoja sentimita 60 za bega na mita 1.2 za kusujudu. Kibla kutoka Dodoma ni karibu kaskazini kabisa, kimeinamia mashariki nyuzi 8 hivi, basi chagua darasa ambalo ukuta wake mrefu unatazama kaskazini, safu zitakaa vizuri. Maji ya udhu ndiyo yanayoleta ugomvi hapa kwetu kwenye ukame. Bomba likiachwa wazi mtu mmoja anamaliza lita tano. Kwa kopo la lita moja inatosha na kubaki. Watoto 60 ni madumu matatu ya lita 20. Weka ndoo yenye koki, mbali na maji ya kunywa, na maji yanayomwagika yaelekezwe kwenye miti.

Jambo moja msifanye kamwe: kuchukua mahudhurio ndani ya chumba cha sala cha wasichana. Aliye hedhini hasali, na orodha ya wasiosali inakuwa orodha ya walio hedhini, ikisomwa na kiranja. Tumeona ostadh mwenye bidii akiharibu kila kitu kwa daftari hilo. Chumba kiwe wazi, anayetaka aingie, mwalimu wa kike awe karibu.

Wasabato wako ishirini hawana shida Ijumaa, shida yao ni Jumamosi. Kama mnaweka masomo ya ziada au mitihani ya majaribio siku hiyo, wapeni nafasi ya Jumapili mchana au Jumatatu baada ya masomo, karatasi ileile iliyofungwa kwenye bahasha. Hilo halihitaji azimio la bodi, linahitaji mwalimu wa taaluma mwenye kalenda.

Vikundi viendelee: UKWATA, TYCS ya Wakatoliki, CASFETA ya Wapentekoste, TAMSYA ya Waislamu, chochote chenye wanafunzi na mlezi. Masharti yawe mamoja kwa wote na yaandikwe ukurasa mmoja. Wakutane baada ya saa 8:50, waishe kabla ya saa 10:30, ndani ya darasa walilopangiwa, bila spika. Mgeni wa nje, awe mchungaji, padri, shehe au mwinjilisti, aje na barua ya taasisi yake na apite ofisini kwako kwanza. Asikutane na wanafunzi peke yake, asikusanye pesa. Ibada za kuwaombea watahiniwa wa Kidato cha Nne nazo ziingie humo: kila dini na yake, Jumamosi au Jumapili, nje ya vipindi. Michango ya "mafuta" au "sadaka ya mtihani" ikataliwe moja kwa moja, kwa sababu watoto hawawezi kumkatalia mtumishi aliyeshika karatasi zao za mtihani mkononi akiziombea.

Tumefika bwenini. Wasichana kuanguka kwa kundi si jambo la shule yako tu wala si jipya. Januari 1962 kwenye shule ya wasichana ya bweni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kujizuia. Waliopatwa wakafika 95 kati ya 159, na Machi shule ikafungwa. Jambo hili huenea kwa kuonana na kusikiana. Uchovu, njaa, joto na hofu ya mtihani huandaa mazingira, kisha wa kwanza akianguka, anayemtazama ndiye wa pili. Ndiyo maana maombezi ya mkusanyiko, yenye kelele, usiku, mbele ya bweni zima, huongeza idadi ya wanaoanguka. Hatusemi mchungaji alikuwa na nia mbaya. Tunasema alipewa hadhira.

Matroni apewe maelekezo haya, yabandikwe mlangoni kwake. Wa kwanza akianguka, watazamaji watolewe kabla ya chochote kingine. Aliyeanguka alazwe ubavu, afunguliwe nguo inayobana shingo, asishikwe kwa nguvu wala kuwekewa kitu mdomoni. Wakiwa zaidi ya mmoja, kila mmoja chumba chake, asiwaone wenzake. Anayetetemeka mwili kwa zaidi ya dakika tano, mwenye homa, aliyejiumiza kichwa au asiyezinduka, zahanati bila kusubiri asubuhi: malaria kali na kifafa navyo huangusha, na vimewahi kuitwa mapepo. Akizinduka apewe maji na uji wenye sukari. Kisha mzazi apigiwe simu, usiku huohuo, na yeye ndiye anayesema kama anataka kiongozi wa dini na yupi. Akimtaka, aje mchana, wa dini ya mtoto huyo, mlango wazi, matroni akiwepo. Baada ya tukio angalieni ratiba ya bweni. Kama wasichana wanaamshwa saa 10 alfajiri kusoma na chakula cha mwisho ni saa 11 jioni, mna mapepo ya kutengeneza wenyewe.

Wazazi wa wale wawili wajibiwe kwa barua kabla ya kikao, kupitia kwa Afisa Elimu Kata: nini kilitokea, nani aliitwa, nani hakuulizwa, na maelekezo mapya ya matroni yakiwa yameambatishwa. Usiandike kwamba watoto "walikubali". Hakuna anayekubali chochote akiwa ameanguka sakafuni.

Kuhusu orodha ya dini za wanafunzi, utaihitaji kwa barua za Ijumaa na kwa bweni, lakini ishike kwa tahadhari. Sensa zetu hazijauliza dini tangu ile ya 1967, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za imani miongoni mwa taarifa nyeti. Uliza kwa fomu ya mzazi yenye mistari minne: anaruhusiwa kipindi gani cha dini au hakuna, anaruhusiwa Ijumaa au hapana, chakula asichokula, akiugua aitwe nani. Fomu zikae kabatini kwako, zisibandikwe ubaoni wala kusomwa mstarini.

Kwenye kikao chenyewe, usiweke ajenda iitwayo "sala shuleni". Ukiiandika hivyo, kila mjumbe atakuja na msimamo wa nyumba yake ya ibada. Peleka karatasi tatu: ratiba ya Ijumaa, masharti ya vikundi, maelekezo ya matroni, na dakika ya kimya iingie kama kipengele cha utaratibu wa mstarini. Siku chache kabla, mtembelee imamu, na siku nyingine mchungaji, kila mmoja peke yake, ukiwa na ratiba mkononi. Mwulize kila mmoja swali moja: hii ratiba inamzuia mtoto wako lipi? Majibu yao yaandike, uende nayo kikaoni. Na mzungumze mapema na yule kiranja wa UKWATA, kabla hajasikia kwa wenzake. Ameomba pale mbele mwaka mzima kwa ruhusa yenu na hana kosa. Mpe uenyekiti wa kikundi chake, chumba na saa, na umwambie asubuhi sentensi ya dakika ya kimya ataisema yeye.